NGUVU, NISHATI NA PUMZI YA WATU
Tatizo la kutafsiri istilahi za uchawi na kinga yake: mfano wa Katumba Songwe, Kyela

1. Utangulizi

Miongoni mwa barua zinazofika katika meza ya istilahi, zipo ambazo hujibiwa kwa neno moja, na zipo ambazo jibu lake la neno moja huleta madhara. Makala haya yanahusu barua ya aina ya pili. Mfasiri mmoja aliyekuwa akishughulikia kitabu cha Kiingereza kuhusu ibada za uchawi alituandikia kuomba msaada. Kitabu chake kilieleza jinsi mshiriki wa ibada anavyojifunza kwanza kuhisi kitu fulani kilichomo mwilini mwake na katika mazingira yake, kisha kukielekeza kitu hicho kwa mtu au mahali anapotaka. Neno lililotumika katika kitabu hicho ni lile ambalo katika fizikia tumezoea kulitafsiri kwa Kiswahili kuwa "nishati". Je, aliuliza mfasiri, aandike "kuhisi na kuelekeza nishati"?

Nilimjibu kuwa ndiyo. Neno lilikuwa sanifu, limo katika orodha zetu, na sikuona sababu ya kuunda jingine. Muda si mrefu baadaye nililetewa kazi nyingine, ambayo ilinifanya nilitazame upya jibu langu.

Kazi hiyo ilikuwa kupitia tafsiri ya maelezo ya mzee mmoja wa Katumba Songwe, aliyekuwa amesimulia kwa Kinyakyusa habari za kijiji chake cha zamani. Akimzungumzia jirani yake, mzee alisema kwamba mtu yule alikuwa na "amanga". Mfasiri wa kwanza alikuwa ameandika: "alikuwa mchawi". Mimi niliona tafsiri hiyo ni ya haraka mno, nikaandika: "alikuwa na nguvu za uchawi". Nilidhani nimeiboresha. Maelezo yaliposomwa tena mbele ya mzee mwenyewe kwa Kiswahili, alimsimamisha msomaji. "Mwanangu," alisema, "mimi nilimsifu, wewe umemshitaki. Huyo ndiye aliyekuwa akitulinda."

Kwa hiyo makosa yalikuwa yangu mwenyewe, na ndiyo yaliyoniongoza kuandika haya. Ninakusudia kuonyesha kwamba katika uwanja huu neno moja la jumla, liwe "nishati" au "nguvu", halitoshi. Na kwamba mfasiri anayechagua neno hapa huwa pia anaamua, apende asipende, nani ni mlinzi na nani ni mshitakiwa. Sina nia ya kuthibitisha wala kukanusha kuwako kwa mambo yanayoaminiwa. Kazi ya mwanaistilahi ni kuhakikisha kwamba kinachosemwa katika lugha moja ndicho kinachosomwa katika nyingine.

2. Mahali na lugha yake

Katumba Songwe ni kata ya Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, katika uwanda wa chini unaopakana na Ziwa Nyasa upande wa kaskazini. Mto Songwe, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi, huingia ziwani karibu na hapo. Ni nchi ya mpunga, kakao na michikichi, yenye mvua nyingi na mafuriko ya mara kwa mara. Wenyeji wengi husema Kinyakyusa, na ng'ambo ya Songwe wapo Wangonde, ambao lugha yao inakaribiana sana na hiyo.

Kwa bahati njema, imani za watu wa nchi hii ziliandikwa mapema na kwa makini. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica Wilson akaendelea kuandika kwa miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa kina maelezo marefu juu ya mambo tunayoyajadili. Bila shaka mengi yamebadilika tangu wakati huo. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walikuwa wamekwisha kufika Rungwe mwaka 1891, na leo makanisa yapo kila mahali katika uwanda wa Kyela. Hata hivyo maneno ya zamani hayajafa, na ndiyo yanayomfikia mfasiri.

3. Amanga, ubulosi na pumzi ya watu

Kwa mujibu wa maelezo ya Monica Wilson, Wanyakyusa waliamini kwamba uwezo wa mlozi ni kitu kilichomo ndani ya mtu: ni chatu aliyemo tumboni mwake. Mlozi, yaani "undosi", huongozwa na tamaa ya chakula, hasa nyama na maziwa. Hutoka usiku, hula matumbo ya watu na ng'ombe, na hukausha maziwa ya ng'ombe wa jirani. Tendo hilo na uwezo huo huitwa "ubulosi". Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba neno hili ni ndugu wa "ulozi" wetu, na kwamba "undosi" ni ndugu wa "mlozi". Hapa lugha zetu za Kibantu zinasaidiana.

Lakini katika kijiji hichohicho wapo watu wengine, "abamanga", ambao huwaona walozi katika ndoto na kupigana nao. Uwezo wao huitwa "amanga", nao pia husemwa kuwa unatokana na chatu. Jambo la kuzingatia ni kwamba tofauti kati ya makundi haya mawili haikuwa tofauti ya kitu walicho nacho. Ilikuwa tofauti ya matumizi. Mmoja hutumia uwezo wake kwa uroho wake mwenyewe, na mwingine huutumia kwa niaba ya kijiji. Mkuu wa kijiji, "ulifumu", ndiye aliyetazamiwa kuwa wa kwanza katika ulinzi huo. Waswahili husema, "Mchawi mpe mwanao akulelee"; methali hii nayo inakiri kwamba anayeweza kudhuru ndiye anayeweza kulinda, na kwamba yote hutegemea amefungwa na ahadi gani.

Zaidi ya hayo lipo jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalompa mfasiri shida kubwa kuliko yote. Mtu akiivunja heshima ya jamii, kwa mfano akiwadharau wazazi au wakwe zake, au akikataa kutoa karamu inayompasa, majirani hunung'unika. Inaaminiwa kwamba manung'uniko hayo humwangukia mkosaji kama ubaridi, akashikwa na homa au viungo vikalegea. Jambo hili liliitwa "imbepo sya bandu", yaani pumzi ya watu. Halikuhesabiwa kuwa ulozi. Lilihesabiwa kuwa adhabu ya haki, na tiba yake ilikuwa mkosaji kukiri, kuwakaribisha majirani kwa chakula, na majirani nao kuitamka hasira yao waziwazi ili itoke. Katika ibada nyingi za Wanyakyusa, hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iliyoogopwa. Iliyotamkwa ilikuwa imekwisha kupoza makali.

Neno "imbepo" nalo ni la shina moja na "upepo" na "pepo" za Kiswahili. Katika Kinyakyusa shina hili hubeba maana ya upepo, baridi na roho pia, na ndilo lililochukuliwa na watafsiri wa Biblia ya Kinyakyusa kwa ajili ya Roho. Kwa hiyo mtu wa Katumba Songwe akitaja "imbepo", msikilizaji wake hupata kwa pamoja mambo ambayo Kiswahili Sanifu kimeyagawa katika maneno matatu au manne.

Tujiulize sasa: ikiwa tutayatia mambo yote matatu, yaani ubulosi, amanga na imbepo sya bandu, chini ya neno moja la "nguvu za uchawi", tutakuwa tumebakiza nini? Tutakuwa tumemweka mwizi, mlinzi wa mali na hakimu katika gereza moja.

4. Nishati, kani na nguvu

Turudi kwenye neno "nishati". Neno hili lina asili ya Kiarabu, ambako shina lake linahusu uchangamfu na utendaji. Katika Kiswahili cha leo limepata kazi maalumu: ni istilahi ya fizikia na ya uchumi. Tunasema nishati ya jua, nishati ya umeme, na tunayo Wizara ya Nishati. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba nishati hupimika, na kwamba haiumbwi wala haipotei bali hubadilika umbo. Vilevile hufundishwa kuitofautisha nishati na "kani", ambayo ni msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu.

Ni kweli kwamba hata katika lugha za Ulaya neno hili halikuanzia katika fizikia. Asili yake ni "energeia" ya Kigiriki, ambayo Aristotle aliitumia kwa maana ya utendaji wa jambo, na ni mwaka 1807 tu ambapo mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alilitumia kwa maana inayokaribia ile ya fizikia ya leo. Baadaye neno likatoka maabara likarudi mitaani. Waandishi wa ibada mpya za Ulaya na Marekani walilichukua kwa kuwa lilikuwa na harufu ya sayansi. Huko Uingereza, baada ya sheria ya zamani ya uchawi ya mwaka 1735 kufutwa mwaka 1951, Gerald Gardner alitoa mwaka 1954 kitabu kuhusu wafuasi wa uchawi wa nchi yake, akieleza imani yao kwamba mwili wa binadamu hutoa nguvu ambayo yaweza kukusanywa na kuelekezwa. Vitabu vya namna hiyo vimekuwa vingi tangu wakati huo, na ndivyo vinavyowafikia wafasiri wetu.

Hapo pana mtego wa pili. Wafuasi wa ibada hizo hujiita kwa hiari yao jina ambalo kamusi hututaka tulitafsiri kuwa "wachawi". Kwao ni jina la dini yao. Kwa Kiswahili hakuna mtu anayejiita mchawi kwa fahari; neno hilo hutamkwa na wengine juu yake, na mara nyingi hutamkwa gizani. Anayetafsiri kitabu cha aina hiyo bila maelezo atamfanya mwandishi wake aonekane kukiri kosa ambalo hakukiri.

Kwa sababu hizi naliondoa jibu langu la kwanza. "Nishati" ibaki katika fizikia na shughuli za kiuchumi. Mwandishi anayetumia neno hilo la fizikia kwa mfano tu, na anayetaka msomaji aone kwamba ni mfano, anaweza kutafsiriwa "nishati" ndani ya alama za kunukuu. Lakini imani za watu wetu wenyewe hazikutokana na fizikia, na kuzivika vazi hilo ni kuzipotosha mara mbili: huzifanya zionekane sayansi, na huifanya sayansi ionekane uganga.

Je, "nguvu"? Neno hili ni letu na ni pana: nguvu kazi, nguvu ya hoja, nguvu za umeme. Upana wake ndio faida yake, na ndio udhaifu wake pia. Kwa muda mrefu sasa "nguvu za giza" imekuwa ikitumiwa makanisani na katika magazeti kwa kila jambo lisiloonekana. Istilahi hiyo tayari imekwisha kutoa hukumu. Inafaa katika mahubiri, ambako hukumu ndiyo iliyokusudiwa. Haifai katika kumbukumbu za kata, ripoti ya utafiti wala maelezo ya shahidi.

Suala hili si la kwetu peke yetu. R. H. Codrington alipoandika mwaka 1891 juu ya watu wa visiwa vya Melanesia, alikutana na neno "mana", nalo likaingia katika maandiko ya wataalamu bila kutafsiriwa, kwa kuwa kila tafsiri iliyojaribiwa ilipunguza kitu. Karibu nasi zaidi, huko Kongo, padre Placide Tempels alitoa mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu, akitumia mfano wa Waluba, na akaona kwamba msingi wake wote ni nguvu ya uhai. Alexis Kagame wa Rwanda alimjibu mwaka 1956 kwa kuichunguza lugha yenyewe ya Kinyarwanda, aina zake za maneno na maumbo yake, badala ya kuanza na neno la jumla lililotoka nje. Nadhani njia ya Kagame ndiyo impasayo mwanaistilahi.

5. "Kuhisi": mtu anajuaje?

Kitenzi "kuhisi" ni chepesi na kinapendwa na wafasiri. Lakini tukiwauliza watumiaji wa Kiswahili mtu anajuaje jambo lililofichika, hawatatupa kitenzi kimoja. Mganga "hutazamia", mwenye ramli "hupiga ramli" au "hupiga bao", mtu "huoteshwa", mgonjwa "husikia" baridi au uzito mwilini. Kila kitenzi kina chombo chake. Ramli, kwa mfano, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, na hukumbusha alama zilizochorwa mchangani. Katika Kinyakyusa cha zamani, kama tulivyoona, mlinzi "huona", naye huona katika ndoto.

Pwani ya Ziwa Nyasa imetupa pia mfano wa kioo. Katika miaka ya 1930 wapimaji wa uchawi waliotoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walisambaa hadi Rhodesia ya Kaskazini. Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935: waliwapanga watu mstari, wakawatazama katika vioo vidogo vya duara, na waliodhaniwa kuwa walozi wakanyweshwa dawa. Jina la dawa na la watu wale linatokana na kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kufua. Jina hilo limebaki hadi leo katika Kiswahili cha magharibi na kusini-magharibi mwa Tanzania kwa umbo la "kamchape".

Kwa mtumishi wa serikali tofauti hizi si za wanalugha tu. Aliyeota hana ushahidi ambao mwingine anaweza kuukagua. Aliyepiga ramli amelipwa. Aliyesikia baridi ni mgonjwa anayehitaji zahanati. Ripoti inayosema kwamba watu watatu "walihisi" uchawi imewaweka watatu hao katika daraja moja. Ripoti inayosema kwamba mmoja aliota, wa pili alipigiwa ramli na wa tatu aliugua homa, imemwonyesha afisa mahali pa kuanzia.

Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli. Katika mjadala wa siku zile na baada yake kulienea istilahi "ramli chonganishi". Hakuna kamati iliyokaa kuiunda, lakini ni istilahi nzuri. Inaeleza madhara bila kujiingiza katika swali la ukweli wa ramli: aina ya ramli inayomtaja jirani kwa jina na kumchonganisha na wenzake. Huo ndio mfano wa kuigwa.

6. "Kuelekeza": kutoka kwa nani, kwenda kwa nani?

Upande wa pili wa barua ya mfasiri ulikuwa kitenzi "kuelekeza". Hapa Kiswahili kina utajiri ambao tunaupuuza. Mtu "hutupiwa" au "hurushiwa" kitu, "hutegwa", "hulogwa". Pepo "hutumwa", na "hupungwa" ili atulie au atoke. Nyumba au shamba "huzindikwa"; fingo "hufukiwa"; mtu "huaguliwa" au "huzinguliwa". Tukivitazama vitenzi hivi tutaona vinagawanyika katika makundi matatu: vya kupeleka madhara, vya kuweka kinga, na vya kuondoa kilichokwisha kufika. "Kuelekeza" hakisemi ni kundi lipi.

Jambo la pili la kuangalia ni kama kinachopelekwa hutoka ndani ya mtu au hutoka katika kitu alichokitengeneza. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alisisitiza tofauti hii: kwao uchawi wa kuzaliwa nao, ambao ni kitu kilichomo tumboni, ulikuwa mbali na ule wa dawa na maneno. Kiingereza cha wataalamu kikayatumia maneno mawili tofauti tangu hapo. Kiswahili hutumia "uchawi" kwa yote mawili. Kwa bahati tu, Waazande hukiita kitu hicho cha ndani "mangu". Msomaji asishawishike kulinasibisha neno hilo na "amanga" ya Kinyakyusa. Kizande si lugha ya Kibantu, na kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu.

Jambo la tatu ni mtendaji. Katika pumzi ya watu hakuna mtu mmoja anayeelekeza kitu. Majirani wamenung'unika, basi. Kitenzi chochote chenye mtendaji mmoja kitamzua mshitakiwa mahali ambapo Kinyakyusa hakikumweka. Pendekezo langu ni kuitumia sentensi kama ilivyo: pumzi ya watu "ilimwangukia".

7. Sheria na neno "kudai"

Sheria ya Uchawi ya Tanzania, ambayo sasa ni Sura ya 18, ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928. Katika kufasili uchawi, inataja ulozi, kuloga, matumizi ya vyombo vya uchawi, na pia kudai kutumia uwezo wa siri na kudai kuwa na elimu ya siri. Neno linalobeba uzito wote katika fasili hiyo ni "kudai". Sheria haisemi kwamba uwezo huo upo. Inamshughulikia mtu anayejidai kuwa nao, au anayemtuhumu mwenzake. Mfasiri akiliacha neno hilo moja, kwa kuliona ni pambo la wanasheria, atakuwa ameifanya Jamhuri itoe ushahidi kwamba uchawi unafanya kazi.

Hatari hiyo imeongezeka, kwa sababu ya jambo jema. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria ni kubwa. Aidha, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inamtambua mganga wa tiba asili kuwa mtoa huduma. Kwa hiyo katika jalada moja mtu mmoja anaweza kutajwa na jirani kuwa "mganga", na mwingine kuwa "mchawi", na mtafsiri wa shahidi wa tatu akaandika "mtu mwenye nguvu". Kila neno linamwelekeza afisa kwenye sheria tofauti.

Na kabla shauri halijafika mahakamani, lipo jambo linalotangulia mahakama. Tanzania imepoteza wazee wengi, hasa akina mama, kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Maelezo yaliyoandikwa ofisini hayabaki ofisini. Husomwa, hunong'onwa na kurudi kijijini. Mzee wa Katumba Songwe alilijua hilo alipomsimamisha msomaji.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, naleta mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

(i) "Nishati" itumike katika fizikia na uchumi tu. Inapotumiwa kwa mfano katika vitabu vya ibada za kigeni, iwekwe ndani ya alama za kunukuu.

(ii) "Nguvu" itumike kama neno la jumla, lakini kila mara ifuatwe na maelezo: nguvu ya ndani ya mtu, nguvu ya dawa, nguvu ya maneno. "Nguvu za giza" isitumike isipokuwa msemaji mwenyewe ameitamka.

(iii) "Ulozi" na "mlozi" yatumike kwa madhara yanayoaminiwa kutoka ndani ya mtu, na kwa hiyo yawe tafsiri ya "ubulosi" na "undosi". "Uchawi" ubaki neno la jumla na la kisheria.

(iv) "Amanga" isitafsiriwe kwa neno moja. Iandikwe ilivyo, na mara ya kwanza ifafanuliwe: nguvu ya ndani ya kuona na kulinda. Kwa mtu mwenye uwezo huo napendekeza "mlinzi mwonaji". "Mlinzi" peke yake humpeleka msomaji kwenye lango la ghala.

(v) "Imbepo sya bandu" itafsiriwe "pumzi ya watu", pamoja na maelezo kwamba ni adhabu inayoaminiwa kutokana na hasira ya jamii, na si ulozi.

(vi) Mahali pa "kuhisi" na "kuelekeza", mfasiri achague kitenzi kinachotaja njia: kuona, kuota, kutazamia, kupiga ramli, kutupia, kutuma, kuzindika, kuagua. Ikiwa matini asilia hayataji njia, ndipo neno la jumla litumike.

(vii) Katika maandishi ya serikali, maneno "inaaminiwa", "anadaiwa" na "anadai" yasiachwe kamwe pale yalipo katika matini asilia.

9. Hitimisho

Mfasiri aliyetuandikia alipata hatimaye jibu refu kuliko alivyotarajia, na hivi ndivyo tulivyokubaliana: kitabu chake cha kigeni kitakuwa na "nishati" ndani ya alama za kunukuu, na dibaji fupi itakayomweleza msomaji kwamba watu wanaotajwa humo wamejichagulia jina lao wenyewe. Ama maelezo ya mzee wa Katumba Songwe, sentensi iliyobishaniwa sasa inasomeka hivi: "Jirani yangu alikuwa na amanga, yaani nguvu ya ndani ya kuona na kulinda." Mzee aliisikiliza, akasema tuendelee.

Mapendekezo haya yanatokana na lugha moja ya kusini-magharibi. Wasomaji wanaozijua lugha nyingine za nchi yetu wanaombwa watuletee maneno yao kwa nguvu hizo tatu, yaani ya kudhuru, ya kulinda na ya jamii nzima, pamoja na vitenzi vinavyoambatana nayo, ili orodha hii isahihishwe kabla ya kupelekwa katika kikao cha usanifishaji.